Furaha Yenye Kungoja Ndani Yake

Mwezi wa Idi uliandama Jumatano, na kama ilivyo desturi ya kambi ya Isunga, ubishi ukaandama nao. Wanawake walisimama kwenye uwanja wa gwaride, masweta yamefungwa mpaka kooni kwa ile baridi ya nyanda za juu, wakiutafuta ule uzi mwembamba juu ya misonobari. Mmoja akasema ameuona, mwingine akasema hilo ni wingu. Bi Salama wa nyumba ya kwanza, mwanamke ambaye hajawahi kushindwa na neno, akasema haya ni mambo ya aibu. Waume zetu mia mbili wameukalia huo mwezi tangu Januari, na sisi bado tunakodoa macho huku chini kama watu wasio na jamaa. Apigiwe mmoja wao aulizwe kama umetoka.

Walicheka hadi wengine wakashikana mabega. Raya naye alicheka, na huku anacheka akaitazama bangili ya kijivu mkononi mwake kuhakikisha taa yake ya kijani inawaka. Ilikuwa inawaka. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na tano kufika saa moja, na kicheko kile hakikutakiwa kupotea bure.

Maana kicheko cha Isunga kilikuwa na kazi. Kule kwenye ncha ya mwezi wanajeshi walilinda machimbo ya barafu ndani ya shimo ambalo jua halijawahi kulichungulia. Kikosi cha kwanza kilikaa miezi saba. Hakikupigwa risasi hata moja, lakini watu kumi na mmoja walitoka nje ya milango wakavua kofia zao za hewa kwa mikono yao wenyewe, bila barua na bila kugombana na mtu. Ndipo wataalamu wakaja na bangili. Mke huvaa bangili, mume huvaa utepe kichwani, na kuanzia saa kumi hadi saa moja jioni kile anachokihisi mke husafiri kwa sekunde moja na kitu kikamfikia mume. Hayapiti maneno wala picha. Hupita joto tu na wepesi wa kifua, pengine harufu, pengine vidole kuwashwa na kazi ambayo mwenyewe haijui. Wakubwa waliuita Mpango wa Kitulizo. Wanawake wa Isunga waliuita kunyonyesha.

Na anyonyeshaye sharti awe na maziwa. Kwa hiyo kila jioni walikutana ukumbini, wakashona, wakasuka vikapu, wakafuma masweta, na hakuna sikukuu iliyopita bila kuliwa, iwe ya msikiti, ya kanisa au ya wakulima. Wiki isiyo na sikukuu walijitungia. Paka wa jikoni alipozaa, alikatiwa keki. Raya alipoingia mle mara ya kwanza aliona ni mchezo wa kitoto, akajisemea atafanya kwa ajili ya Faki tu. Kufika mwezi wa tatu alijikuta tangu saa nane anaichungulia saa ya ukutani, na moyo wake umeshatangulia ukumbini.

Alikuwa anamshonea mumewe, Sajini Faki, kofia ya viua. Raya ni mtu wa Pemba, na kwao kofia ya namna hiyo hushonwa kwa mkono, tundu kwa tundu, ua kwa ua, kazi ya mwaka mzima. Kwenye mstari wa nne, ua la saba lilikuwa na petali tano badala ya sita. Alilikosea siku ilipokuja habari kwamba chombo cha kina Faki kimetua salama, alipokuwa akilia na kucheka kwa pamoja hata hesabu ikampotea. Hakulifumua. Bibi yake alimfundisha kwamba kofia ya aliye safarini haifumuliwi hata mshono mmoja, la sivyo unamfumulia njia. Raya hakuwa na hakika kama anaamini hayo, ila hakuwa tayari kujaribu. Kila jioni kabla ya kuanza aliipitia kwa kidole mistari yote tangu wa kwanza, na kila mara alisimama kidogo kwenye lile ua la petali tano.

Asubuhi ya Idi alituma sahani saba za biriani kwa majirani, na ya nane, iliyojaa kuliko zote, aliipeleka mwenyewe mlango wa pili. Hapo aliishi Atupele, Mama Lusajo, Mnyakyusa wa Tukuyu, mjane. Mumewe alifukiwa na barafu mwezi Aprili. Siku zote za msiba Raya alilala naye kwenye mkeka mmoja, akamwogeshea watoto, na arobaini ilipopita akamshika mkono akampeleka ukumbini, akamtia sindano kati ya vidole. Mjane wa Isunga alikuwa na siku tisini za kuondoka kwenye nyumba ya jeshi, isipokuwa akikubali kuvaa bangili kwa ajili ya askari asiye na mtu. Atupele alikubali. Jioni aliyocheka tena kwa mara ya kwanza, kwa sababu mbuzi wa luteni wa kambi aliingia ukumbini akatafuna kikapu kilichokwisha kusukwa nusu, Raya alitoka nje akalia kwa furaha.

Na katika Isunga sahani ya jirani hairudi tupu. Hata katika wiki ile mbaya ya Aprili, Atupele alikuwa hana kitu jikoni wala nguvu ya kupika, lakini sahani ya Raya ilirudi na chumvi kidogo iliyofungwa kwenye kipande cha karatasi. Raya hakuwahi kuitumia ile chumvi. Safari hii ya Idi sahani ilirudi na mchele wa Kyela na maparachichi mawili.

Wiki iliyofuata ikaja barua ya Faki, ya maneno yasiyozidi hamsini kama sheria ilivyotaka. Alisema ameipata Idi yake yote. Kila jioni namhisi Raya wangu hapa kifuani, aliandika, usiache kucheka. Raya aliisoma mara tatu, akaikunja, akaitia kwenye lile kopo la biskuti analowekea nyuzi.

*

Mwanamume mmoja alikuja mwezi Novemba, saa tisa mchana, kabla ukumbi haujajaa. Alitembea kwa gongo, mguu mmoja umefungwa chuma. Aliuliza kwa adabu kama hapa yupo dada anayeshona kofia za kipwani, na alipoonyeshwa Raya alisimama kidogo, kama mtu aliyefika mahali alipokuwa anapaogopa.

Alijitambulisha kuwa ni Koplo Lushinge. Mashine ya kukatia barafu ilimvunja mguu, akateremshwa duniani kutibiwa, na kabla ya Krismasi anapandishwa tena. Akatoa mfukoni kipande cha bendeji, akakikunjua juu ya meza taratibu.

Kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa hospitali. Mkono ulikuwa wa mtu asiyejua kushona, mishono mingine mirefu mingine mifupi, lakini maua yalikuwa maua ya Raya, yale aliyoachiwa na bibi yake. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Raya aliuhesabu wa nne kwa kidole. Ua la saba lilikuwa na petali tano.

“Dada, mimi ni Msukuma wa Bariadi, sijawahi kushika sindano maishani,” alisema Lushinge. “Nilipokuwa nimelala pale wodini vidole vilikuwa vinataka kitu, nikaomba uzi. Hili likatoka. Nililifumua mara mbili nikitaka petali ya sita, vidole vikakataa.”

Alikwenda kwa muuza kofia mjini, na yule mzee akamwambia maua hayo ni ya Pemba, na Mpemba mshonaji katika nyanda hizi yuko kambini Isunga. Alijua kwamba hairuhusiwi kumtafuta mtu wa bangili yako. Lakini mama yake alikufa, mke hana, na kwa miezi minane kuna mtu amekuwa akimngoja kila jioni. Ndivyo alivyosema. Wenzake walipata furaha tu, yeye alipata furaha ya mtu anayengoja, na kwa ajili ya hiyo alirudi kutoka kila zamu. Alitaka kusema asante, basi.

“Nilidhani umejitolea,” alimalizia, maana aliuona uso wa Raya unavyobadilika.

Raya alimkaribisha chai, akampa na kileja, akamimina mpaka chai ikamwagikia kisahani. Lushinge aliitazama kofia iliyokuwa mapajani mwa Raya kwa namna ambayo Faki hakuwahi kuitazama kazi yake yoyote. Saa kumi ilipogonga, bangili ikawaka kijani, na Raya akamwona mwanamume yule akipeleka mkono kwenye paji la uso, mahali pa utepe ambao hakuwa nao.

*

Raya alifikiri mitambo imevuja. Usiku kucha alijiambia kwamba pengine watu wawili wanakunywa kutoka mfereji mmoja, kosa la mafundi, na Faki anapata chake kama kawaida. Asubuhi alivaa baibui lake zuri akaenda ofisini kwa Luteni Komba, mwanamke mwembamba aliyesimamia Kitulizo pale kambini.

Luteni alimsikiliza, kisha akafunga mlango. Alimweleza taratibu, kama mtu anayemwandaa mgonjwa. Mfereji mmoja una mtu mmoja. Haiwezekani vinginevyo, kwa sababu utepe hufunzwa mapigo ya moyo mmoja tu, na kuufunza moyo mwingine ni kazi ya wiki nzima. Kuna chujio katikati. Uchungu ukizidi kipimo chujio hufunga, askari asipokee huzuni akiwa na silaha mkononi. Hufunga baada ya sekunde tatu. Raya alisema hakuja kujifunza mitambo, anataka kujua mume wake anapokea kwa nani.

“Ukiwa mke halali, sheria inanilazimisha nikuonyeshe ukiuliza,” Luteni alisema. “Nilikuwa naomba usiulize.”

Akamgeuzia kioo cha mezani. Hati ilikuwa ya tarehe sita Machi, na maneno yalikuwa ya Faki, hata ule ukorofi wake wa kutokuweka nukta aliutambua. Naomba nibadilishiwe mfereji, aliandika. Furaha ya mke wangu ina kungoja ndani yake kila nikiipokea naumia kuliko nisipopokea kitu. Chini, peke yake kwenye mstari, kulikuwa na maneno mengine. Asiambiwe.

Raya alisoma hadi mwisho halafu akarudi mwanzo. Wakati ule hapakuwa na mfereji wa ziada, Luteni alieleza, kwa hiyo Sajini alikaa miezi mitatu bila kitu. Miezi mitatu katika lile giza, utepe umezimwa, mtu akichagua ukame kuliko mke wake. Mfereji wa Raya haukuweza kuachwa ukiwa umekaa bure, akapewa Koplo ambaye hakuwa na mtu. Mwezi Juni ukapatikana wa kumfaa Sajini, wa furaha nyepesi, ya mtu ambaye hamngoji yeyote.

Hakuhitaji kusoma namba ya nyumba, lakini aliisoma. Ilikuwa ya mlango wa pili.

Kwenye mabega yake kulipita baridi, kisha joto, kisha aibu, na aibu ndiyo iliyokaa. Alikumbuka utani wote wa ukumbini. Kumbe mwaka mzima yeye ndiye aliyekuwa utani, amejaza kifua, na mwanawe yuko kwa jirani ananyonya.

Luteni akamwekea karatasi mbele. Hati ya Madai. Mke halali anaweza kudai mfereji wa mumewe urudishwe, atake mume asitake, mwisho tarehe ishirini na nne Desemba. Ila alimweleza na matokeo yake, kwa sababu alikuwa mwanamke wa haki. Atupele atabaki bila askari, kwa hiyo atatoka kwenye nyumba yeye na wanawe wawili. Na Koplo Lushinge atakatwa. Mtu aliyezoea moyo mmoja kwa miezi minane hapewi mwingine haraka, na kati ya saba waliokwisha kukatwa hivyo, wanne walivua kofia zao za hewa.

*

Atupele alikuwa jikoni anamenya ndizi. Alipomwona Raya mlangoni na ile karatasi mkononi aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kanga. Hakuuliza kuna nini, na kwa kutouliza kwake Raya akajua kwamba hata lile tone la matumaini alilokuja nalo halikuwa na kazi.

“Walikutajia jina lake?” Raya aliuliza.

“Walinitajia. Nilitia sahihi nikiwa najua.”

“Idi yangu ulikula.”

“Nilikula, shoga yangu. Na nikafurahi, na saa kumi ile furaha ikaenda kwake. Kila nilipocheka nilijua inaenda wapi.” Atupele hakulia. “Zilikuwa zimebaki siku tano nitoke hapa. Askari waliokuwa hawana mtu walikuwa wameshagawiwa, kabaki yeye. Ningekuambia, wewe ungefurahi tena lini? Na wanangu wangelala wapi?”

Raya alisema angemwambia tu. Angelia wiki mbili, angemtukana Faki, halafu angekuja kumwambia Atupele vaa bangili watoto walale. Alisema hivyo, na huku anasema hakujua kama ni kweli, na hilo lilimuuma zaidi, kwamba walimnyima hata nafasi ya kujua yeye ni mtu wa namna gani.

“Sikumchukua mume wako, Raya. Hata uso wake siukumbuki vizuri.”

“Heri ungechukua uso. Uso ningejua pa kuupata. Umechukua kile nilichokuwa nakitengeneza kila siku, na mimi ndiye niliyekufundisha kukitengeneza.”

Lusajo, binti mkubwa, aliingia akamwamkia shikamoo, na Raya akaitikia marahaba kwa sauti ya kawaida, akamgusa kichwa kama alivyozoea. Kisha akatoka. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema kwamba nguo yenyewe utakuwa umeishona wewe, ukaikunja vizuri na kumvisha.

Siku zile alikwenda ukumbini akakaa mbali, karibu na Bi Salama, na taa ya bangili yake ilikuwa inazimika kila mara. Chujio lilikuwa linafunga. Alijaribu kufurahi kama mtu anayejaribu kupiga chafya. Alifuma, akaonja halua, akasikiliza vichekesho, na kila kitu kikawa na ladha ya ile nukta isiyowekwa. Akili yake ilimwambia kwamba huko hospitalini Lushinge bado hajavaa utepe, kwa hiyo hakuna anayeumia sasa. Ilimwambia pia kwamba atavaa tarehe kumi na nane Desemba.

*

Jumamosi moja mchana alitoa sindano nene kutoka kwenye kopo la biskuti, akaishika kofia chini ya dirisha, akaitia ncha ya sindano chini ya mshono wa kwanza wa lile ua la saba. Alitaka kulifumua. Alitaka kufumua mstari wote, kofia yote, amfumulie Faki njia ajue kwamba kule nyumbani hakungojwi tena. Kama bibi alisema kweli, basi na iwe kweli. Alikuwa na chuki hiyo yote, wala hakuificha.

Uzi ulinyanyuka kidogo. Ndipo akakumbuka bendeji, na vidole vilivyokataa kuweka petali ya sita.

Faki hakuwa msafiri peke yake. Na ua hili, likiangaliwa kwa haki, Faki hakuwahi kuwa nalo. Alikaa na furaha ya mkewe kwa muda usiozidi miezi miwili, akaomba aondolewe. Aliyelibeba kwa miezi minane, akalivukisha anga na mguu uliovunjika, akalileta mpaka hapa mezani, ni mtu mwingine kabisa. Alichokiita Faki maumivu, Lushinge alikiita kurudi kutoka zamu.

Raya aliuchomoa ule mwiba wa chuma polepole, akaulaza mshono mahali pake kwa ukucha. Hakuwa amesamehe kitu. Alichukua ile Hati ya Madai akaikunja mara nne, akaikandamiza chini ya kopo, na tarehe ishirini na nne ilipokuja na kupita, haikutoka pale.

Lushinge alikuja kuaga siku moja kabla ya kuondoka. Mguu ulikuwa umepona, anachechemea kidogo tu. Alisema amekuwa na wasiwasi tangu siku ile, kwamba pengine alimkosea kwa kuja, na kama dada alilazimishwa jambo hili yuko tayari kwenda kusema akatwe, asimnyonye mtu kwa nguvu. Alisema hayo akiwa amesimama wima kama yuko mbele ya mkubwa wake, na Raya aliona kwamba anajua maana ya kukatwa kuliko Luteni.

“Ulidhani nimejitolea,” Raya alimwambia. “Nilikuwa sijajitolea. Sasa nimejitolea.”

Akamwomba ainame, akampima kichwa kwa uzi. Kilikuwa kidogo kuliko cha Faki kwa upana wa vidole viwili. Kofia ilikuwa bado haijaungwa ukanda na duara lake la juu, kwa hiyo ilikuwa inapunguzika, na kupunguza si kufumua.

*

Siku ya Krismasi, adhuhuri, Atupele alileta sahani yeye mwenyewe. Hakubisha hodi. Aliiweka kwenye kizingiti, imefunikwa kwa kawa la ukili ambalo Raya alimsukia mwaka huo huo, akaondoka haraka.

Raya aliichukua. Kuikataa kungekuwa ugomvi wa wazi, wa majirani kuja kusuluhisha, na yeye hakutaka kusuluhishwa. Ndani mlikuwa na pilau, paja la kuku, chapati mbili na ndizi za nazi, zile anazozipenda, na chini ya chapati palikuwa na karatasi ndogo iliyokunjwa. Aliifungua akidhani ni barua. Ilikuwa chumvi.

Alikaa akala. Chakula kilikuwa kitamu, na yeye alikuwa na njaa, na alilia katikati ya ndizi, kwa sababu yule mwanamke alikuwa rafiki yake na hakuna mwingine aliyejua hadithi ya ile chumvi. Kama angekuwa mtu wa kusahau angesahau hapo. Alimaliza, akaosha sahani kwa maji ya moto, akaikausha kwa kitambaa mpaka ikang'aa. Kisha akakaa nayo mapajani akiitazama saa. Barua zilisomwa na maofisa na simu haikuruhusiwa. Kwa muda wote uliobaki wa miezi sita, palikuwa na njia moja tu ya kumfikishia Faki neno, nayo ilipita kwenye kifua cha mtu mwingine. Luteni alimfundisha urefu wake bila kujua, sekunde tatu kabla chujio halijafunga.

Saa kumi na dakika tano aliingia ukumbini. Walikuwa wamepamba kwa matawi ya misonobari na karatasi za rangi, watoto wanacheza, Bi Salama na baibui lake anaongoza wimbo wa Krismasi kwa maneno aliyoyatunga papo hapo. Atupele alikuwa amekaa katikati ya wenzake na gauni jipya, amechangamka, taa ya bangili yake inawaka kijani. Alipomwona Raya anakuja na sahani iliyofunikwa kawa, uso wake ulifunguka. Alifanya haraka kusimama. Alidhani ni msamaha umekuja, na furaha aliyoipata pale ilikuwa kubwa kuliko zote za mwaka ule, hata Raya aliyeko hatua tatu aliiona ikipanda.

Raya akampa sahani kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu wa heshima. Atupele akafunua kawa.

Sahani ilikuwa nyeupe, safi, haina kitu.

Moja, Raya akahesabu moyoni, akimtazama rafiki yake machoni na kumwona Faki nyuma yake, mbali, ameketi kwenye giza na utepe kichwani, anangoja kicheko. Mbili. Tatu.

Taa ya bangili ya Atupele ikazimika.

“Heri ya Krismasi, Mama Lusajo,” Raya alisema.

Akaenda kwenye kiti chake karibu na dirisha, akatoa kofia, akatafuta mahali alipoachia. Ilimchukua muda kulipata tundu. Alishona petali moja, akashona ya pili. Alipofika ya nne aliitazama bangili yake, na ile taa, baada ya kusitasita, ikawaka.